Avenue Stanleyville, Namba 14

Tangu waasi wakimbie na askari wa serikali warudi Butembo, mtu wa kwanza kulitamka neno Stanleyville kwa sauti katika mtaa ule alikuwa Muyisa, dereva wa lori la maharagwe. Alilitamka mlangoni kwa Hulda, Jumanne alasiri, mwezi wa kwanza wa mwaka 1965, na lilipomtoka tu alijishika mdomo akageuka kuangalia nyuma.

"Bamemukamata bwana yako," alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Ku barrière ya Beni. Leo asubuyi."

Hulda alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Hakuuweka chini.

"Ameiba nini?"

"Hapana iba. Ni juu ya buku yake. Basoda bamesoma mu buku, bameona ile jina."

"Mais ni jina ya avenue!"

"Nilibaambia vile, Mama Hulda. Mbele ya Mungu nilibaambia. Sergent akanipiga kitako ya bunduki hapa." Alifunua bega. "Basoda bale banatoka mbali, hapana jua Butembo. Kwao Stanleyville ni moja tu."

Buku lilikuwa kile kitabu kidogo cha kitambulisho ambacho Wabelgiji walimpa kila mtu mzima, chenye picha, jina, kazi na makao. Kila mtu alitembea nalo, na mwaka ule asiyekuwa nalo hakufika mbali. La Ézéchias, mume wa Hulda, lilikuwa limekaa miaka saba katika mfuko wa shati la seremala. Jasho na vumbi la mbao vilikuwa vimeila ile "Av." ambayo karani aliiandika kwa mkato. Kilichobaki kilisomeka hivi: Kuzaliwa, Butembo. Makao, Stanleyville 11.

Mzungu aliyepima viwanja vya mtaa ule alikuwa na haraka, akazipa barabara zake majina ya miji: Léopoldville, Bukavu, Albertville, Kindu, Stanleyville. Avenue Stanleyville ilikuwa na nyumba kumi na sita, mfereji mmoja, na mteremko ulioangusha watu kila mvua iliponyesha. Hakuna hata mkaaji wake mmoja aliyewahi kufika Stanleyville. Jina halikumdhuru mtu mpaka waasi walioitwa Simba walipoufanya mji ule makao yao makuu, wakaja kushika Beni na Butembo, kisha wakafukuzwa. Siku askari walipoingia tena Butembo, Ézéchias mwenyewe aling'oa kibao cha barabara kwa koleo lake. Kilikuwa cha mbao nzuri. Hulda alikifanya kuni akapikia sombe, yale majani ya muhogo.

"Bamemuweka wapi?" Hulda aliuliza.

"Mu hangar, ile ghala ya kahawa. Beko bengi. Commission itamaliza kazi siku ya posho." Muyisa alihesabu kwa vidole siku zilizobaki mpaka Jumamosi. "Banasema kisha pale banabapeleka Mavivi, ku ndege. Ndege inaenda wapi, sijue."

Nyuma ya pazia la chumba, Mama Jokébed, mama yake Ézéchias, alikuwa ameacha kuimba kwa mjukuu. Ungo ulikuwa bado mikononi mwa Hulda. Aliona kwamba mchele wote ulikuwa umemwagika miguuni pake.

Kesho yake alipanda lori la Muyisa, akiwa na kikapu: ndizi za kuchoma, kuku aliyekaangwa na mkwewe alfajiri, shati safi. Watoto wawili aliwaacha kwa Mama Jokébed.

Kwenye kizuizi cha kuingilia Beni askari waliwateremsha abiria wote. Wanaume walipigishwa magoti barabarani, wanawake wakapewa kazi. Sergent Xavier, mtu mrefu mwenye jicho moja jekundu, alimwangalia Hulda, akamwangalia kuku kikapuni, kisha akamnyooshea sufuria tano zilizoganda ugali wa jana.

"Yaka awa," alimwita kwa Kilingala. Alipoona haelewi, akaendelea kwa Kiswahili. "Osha kwanza. Kisha utaniambia unatafuta nani."

Hulda aliosha. Alisugua kwa majivu na mchanga mpaka jua likapanda juu ya migomba, na kila alipomaliza sufuria moja, askari mwingine alileta yake. Aliposimama, magoti yake yalikuwa meusi kama ya mtoto. Sergent Xavier ndipo akamwonyesha njia ya bureau, ofisi ya tume iliyochunguza waliokamatwa.

Bureau ilikuwa nyumba ya zamani ya mzungu wa kahawa. Mlangoni aliambiwa avue viatu kwa sababu sakafu ilikuwa imepigwa deki, ingawa mabuti ya askari yalipita juu yake yakiacha tope. Ndani, nyuma ya meza iliyojaa mabuku ya watu, aliketi msimamizi wa tume, monsieur Ignace, mtumishi wa serikali kutoka Kasai. Alikuwa amevaa tai, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. Hakumpa Hulda kiti, lakini alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama," alisema, "nimefanya kazi Bukavu, nimefanya Léopoldville. Stanleyville ni ville, muji mukubwa. Iko na fleuve, muto mukubwa, iko na cathédrale. Haiko njia ya kupitisha mbuzi."

"Ni avenue, monsieur. Iko na manyumba kumi na sita. Yetu ni ya kumi na moja."

"Sergent anasema kumi na moja ni numéro ya peloton yake, kikosi ya Simba."

"Ni numéro ya nyumba!"

"Donc unionyeshe." Alifungua mikono juu ya meza. "Plan ya Butembo iko wapi? Simba balichoma. Registre? Balichoma. Plaque ya njia?"

Hulda alikumbuka jinsi kile kibao kilivyowaka vizuri.

"Unaona," Ignace alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Kila mutu ananiletea hadisi. Jana mutu mumoja alilia hapa hapa, anaapa ni mwalimu wa catéchisme. Tukamukuta na tatouage, chale ya Simba, hapa, ku kifua. Mimi pia niko na bakubwa juu yangu. Leta papier. Livret, ile buku, ya mutu mwingine wa ile avenue, imeandikwa vizuri, na mwenyewe akuye nayo ao mutu wa nyumba yake. Mpaka kesho kutwa, siku ya tano, jioni. Siku ya posho liste ya majina inatoka mu mukono yangu."

Sergent Xavier alimruhusu kuuona uso wa mumewe kwa dakika chache, kwa bei ya kuku. Alimla palepale, amesimama mbele ya hangar, akitupa mifupa kwenye majani, huku Ézéchias akitazama kupitia nafasi kati ya mbao. Midomo ya Ézéchias ilikuwa imevimba. Hulda alimpitishia ndizi mojamoja, kwa kuwa nafasi haikutosha mkono.

"Batoto?" Ézéchias aliuliza.

"Beko muzima. Sikia. Monsieur anataka livret ya jirani. Nitaenda kwa Kamate, nitaenda kwa bote."

"Enda kwa Kamate." Alitafuna polepole, upande mmoja tu wa taya. "Enda kwa bote. Lakini kumi na..." Akaishia hapo. "Kwa Mariette usiende."

"Juu ya nini?"

Hulda hakurudia swali, maana alijua.

Alijua tangu mwezi wa tisa. Siku ile, saa sita mchana, Simba watatu walipita barabarani na mikuki na bunduki moja, wakimtafuta mwalimu, kwa sababu mwalimu alijua Kifaransa na alipokea mshahara wa serikali. Ézéchias alikuwa barazani akipiga randa ubao. Hulda alikuwa jikoni. Alisikia sauti ikiuliza, "Mwalimu anakaa wapi?" na akasikia sauti ya mumewe ikijibu, "Ile. Kumi na ine." Maneno hayo tu. Mwalimu Élisée, mume wa Mariette, alitolewa namba kumi na nne akiwa na chaki kwenye vidole, na hakurudi.

Hawakuwahi kulizungumza. Lakini tangu siku hiyo Hulda alikuwa akimsikia mumewe akihesabu mbao. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kisha kimya, mpaka kumi na tano. Wakati mwingine aliacha kazi akaenda kufungua mlango, akasema amesikia mtu akibisha, na barazani hapakuwa na mtu.

Alhamisi Hulda alianza na namba tisa, kwa shemasi Kamate, aliyeongoza sala za mtaa. Shemasi alimkaribisha, akasali naye, akalia kidogo. Hulda alipotaja buku, machozi yalikauka.

"Livret yangu iko na shida," alisema.

"Shida gani, Papa Kamate?"

Alilileta mwenyewe. Mahali pa makao karatasi ilikuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, imekwanguliwa kwa wembe, na juu yake palikuwa pameandikwa kwa wino mpya: Av. Bukavu.

"Unaishi Avenue Bukavu sasa?" Hulda aliuliza.

"Mutoto yangu, niko na batoto saba."

Namba saba walisema buku lilianguka chooni. Namba tano walisema hawajui hii barabara inaitwaje, kwa kweli hawajawahi kujua. Namba mbili, mama mmoja aliyekuwa amechota maji mfereji mmoja na Hulda kwa miaka saba, alifungua mlango upana wa uso wake tu. "Stanleyville?" alinong'ona. "Hapa? Hapana, Mama Hulda. Unakosea." Na akafunga taratibu, kama mtu anayemfungia mgonjwa. Kufikia mchana Hulda alikuwa amezunguka pande zote mbili. Watu waliomwona akija waliingia ndani. Alisimama katikati ya mteremko, penye shimo la nguzo ya kibao, na kwa mara ya kwanza akahisi kwamba pengine wao ndio wenye haki, kwamba hapakuwahi kuwa na mahali hapa, na watoto wake walizaliwa hewani.

Alimkuta mkwewe ameketi kitandani, Biblia imefungwa mapajani.

"Bamekwangua bote," Hulda alisema.

"Bote hapana," Mama Jokébed alijibu. "Iko mutu mumoja hakuweza kukwangua. Alikuwa amekufa."

"Ézéchias alisema nisiende pale."

"Najua juu ya nini alisema vile. Mimi pia nina masikio, nilikuwa mu kile chumba." Mzee alimtazama kwa macho makavu. "Mimi nimemuzaa. Siwezi kuenda kumuomba ule mama, miguu yangu itakataa. Wewe enda."

Mariette alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani ya mkono. Hakuwahi kuvaa nguo za msiba, kwa sababu hakuna aliyemletea mwili, wala habari ya mwili. Tangu mwezi wa tisa yeye na Hulda walisalimiana tu, "Wasingya," kila mtu na njia yake. Alimpa Hulda kiti. Ni mtu wa kwanza siku mbili zile kumpa kiti, na Hulda nusura ashindwe kukikalia.

Alieleza kila kitu. Mariette alisikiliza huku akizungusha gurudumu la cherehani polepole, bila uzi. Kisha akaingia chumbani, akarudi na kisanduku cha bati. Buku la Élisée lilikuwa limefungwa katika leso iliyopigwa pasi. Karatasi zake zilikuwa nyeupe. Wino wa zambarau wa karani ulisomeka kama wa jana: Avenue Stanleyville n° 14, Butembo. Pembeni yake palikuwa na picha: mwanaume kijana, nywele zimepasuliwa njia upande wa kushoto, midomo imefungwa kwa bidii kama mtu anayezuia kicheko.

"Ni picha moja tu niko nayo," Mariette alisema. "Ile ya ndoa Simba balipasula. Siku ya Mungu, kisha kanisa, batoto banaiangalia. Ule mudogo ameanza kusahau uso."

"Tutairudisha, Mama Mariette. Naapa."

"Ngoja." Alifunga buku, akaweka kiganja juu yake. "Mbele nikupe, nikuulize kitu. Ile siku nilikuwa ku soko. Simba balikuwa bageni hapa, banatoka mbali. Hii njia haina hata alama ku nyumba. Balijua je ni hapa?"

Njiani Hulda alikuwa ametayarisha jibu. *Sijue.* Neno moja. Lilikuwa mdomoni tayari. Watoto watatu wa Mariette walikuwa wamekaa mkekani wakimenya viazi, na yule mdogo alikuwa anamtazama kwa mdomo wazi, akingoja yeye pia.

"Ni Ézéchias," Hulda alisema. "Balimuuliza. Akasema kumi na ine."

Cherehani ilikuwa imesimama.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Mu jiko. Nilisikia."

"Na hukutoka."

"Sikutoka."

Mariette alilifunga buku katika leso, pembe moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Alilirudisha kisandukuni, akafunga kifuniko.

"Enda kwako, Mama Hulda," alisema.

Ijumaa asubuhi Hulda alishuka penye lori bila matumaini yoyote, kwa kuwa hakuweza kukaa nyumbani. Mariette alikuwa amefika kabla yake. Alikuwa amesimama kando ya gurudumu na kisanduku cha bati chini ya kwapa, viatu mkononi ili visichafuke.

"Usinishukuru," alisema kabla Hulda hajafungua mdomo. "Nimeuliza ku basoda. Nimeuliza ku bale balitoka mu prison. Nimetembea mpaka Maboya. Hakuna mutu anajua Élisée balimupeleka wapi. Bwana yako aliona njia balishika. Kama anakufa, ile njia inakufa naye. Ni kwa ile tu."

Kwenye kizuizi wote wawili waliamriwa kuosha sufuria. Mariette alisugua bila kusema neno, kisanduku amekibana katikati ya magoti. Sergent Xavier alitaka kujua kuna nini ndani. Alipoona buku na picha, alicheka, akauliza kama huyu bwana mzuri naye ni Simba.

"Simba balimuua," Mariette alijibu.

Sergent aliacha kucheka. Aliwapitisha.

Monsieur Ignace alilisoma buku la Élisée mara mbili. Alileta la Ézéchias, akayalaza sambamba, akainamisha taa ingawa ilikuwa mchana. Karani alikuwa mmoja, mwandiko mmoja, muhuri mmoja. Alivuta pumzi ndefu, na Hulda akaona kwamba tangu mwanzo mtu huyu alikuwa ametamani kuamini, ila hakuwa na ruhusa.

"Donc iko," alisema. "Iko kweli. Avenue Stanleyville." Akamgeukia Mariette. "Mama, wewe ni mujane ya mutu Simba balimuua. Neno yako iko na uzito hapa kupita papier. Nitakuuliza mara moja tu. Huyu Mathe Ézéchias, menuisier, fundi ya mbao, unamujua?"

"Ni jirani. Alitengeneza mabanc ya kukalia batoto mu masomo ya bwana yangu."

"Alisaidia Simba?"

Karani aliyekuwa akiandika pembeni aliinua kalamu, akangoja. Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Hulda alitazama vidole vya miguu yake mitupu juu ya sakafu yenye unyevu. Hakuthubutu kumtazama Mariette, na hakuthubutu kusali, maana hakujua aombe nini ambacho kisingekuwa wizi. Kuni zilipasuliwa tena, mara tatu, mara nne.

"Mama, nimekuuliza."

"Ile siku nilikuwa ku soko," Mariette alisema. "Sikuona kitu."

Ignace alimwangalia kwa muda. Pengine alielewa. Aligonga muhuri kwenye kikaratasi cha kumwachilia Ézéchias, akakisukuma mbele kwa Hulda. Kisha akaliweka buku la Élisée juu ya rundo la kushoto, mahali pa mafaili.

Mariette alinyoosha mkono.

"Hii inabaki," Ignace alisema. "Ni pièce, ushahidi ya dossier. Tena livret ya mutu amekufa inarudi ku État, ku serikali, ni sheria."

"Picha tu, monsieur. Chukua karatasi, unipe picha."

"Picha ndiyo inaonyesha ni livret ya nani."

"Batoto beko batatu. Habana picha ingine."

"Mama." Alitazama mlangoni, kulikokuwa na kivuli cha sergent. "Kama bakubwa banafika kesho, banauliza juu ya nini nimemuachia mutu wa Stanleyville, nitabaonyesha nini? Unataka nimurudishe mu hangar?"

Mariette alibaki amenyoosha mkono. Ndipo ule mkono ukashuka taratibu, ukachukua leso iliyobaki mezani, ukaikunja.

Watatu hao walirudi Butembo nyuma ya lori, juu ya magunia matupu. Ézéchias aliketi karibu na mlango wa nyuma, shati safi limemkaa mabegani kama la mtu mwingine. Katika hangar walikuwa wamebaki watu ishirini na sita. Mmoja wao alikuwa mchuuzi wa kweli wa Stanleyville, aliyeuza vitambaa tu maisha yake yote, na ambaye hakuwa na avenue ya kujitetea nayo. Alimpa Ézéchias jina la mama yake, kama ikitokea mtu akapita huko. Ézéchias alilirudia njia nzima kwa midomo, bila sauti. Kila lori liliporuka shimoni, magoti yake yaligusa ya Mariette, akayavuta haraka.

Walipita kijiji cha Kabasha mvua ikinyesha. Mvua ilipokatika, jua la saa kumi likatokea juu ya vilima, na manyumba ya kwanza ya Butembo yakaanza kuonekana. Ézéchias aligonga bati la lori kwa ngumi. Muyisa akasimama.

"Mama Mariette," Ézéchias alisema, na ni mara ya kwanza kumtaja tangu mwezi wa tisa. "Tushuke hapa."

Aliwatangulia bondeni, kupitia mashimo ya zamani ya matofali, mahali watu walipochimba udongo kabla ya vita na sasa hapakuwa na kazi. Majani yalikuwa marefu. Alitembea bila kusitasita, kama mtu anayekwenda kisimani kila siku, na Hulda akaelewa kwamba mumewe alikuwa akipita njia hii kichwani kila usiku, kando yake, kitandani. Chini ya ukingo mmoja wa udongo mwekundu alisimama.

"Mimi njo nilibaonyesha nyumba," alisema.

"Najua," Mariette alisema.

"Hapana. Bado ingine." Alivua kofia. "Balipomutoa, baliniambia, wewe fundi, chukua jembe, kuya. Nilifikiri ni ya kuchimba barrière. Balinileta hapa na yeye. Balinipa kazi ya kuchimba, yeye amekaa pale, mikono nyuma."

Hulda aliweka mkono mdomoni. Siku ile mumewe alimwambia kwamba alipelekwa kutengeneza daraja.

"Alisema nini?" Mariette aliuliza.

"Kwanza hakusema. Alikuwa ananiangalia tu. Mimi nilichimba mbiombio, nilitaka kumaliza, nilitaka kurudi. Akaona nachimba kidogo. Akaniambia kwa Kinande, Simba basisikie..." Aligeuza kofia mikononi. Alijaribu tena. "Akaniambia, Ézéchias, chimba chini sana, juu ya bambwa, basinifukue."

Upepo ulipita kwenye majani. Mbali, juu ya mtaa, mtu alikuwa anaita kuku.

"Na wewe?"

"Nilichimba mpaka ku kifua yangu. Balikasirika, balisema imetosha. Nilichimba. Kisha..." Alitikisa kichwa. "Nilimulaza mimi mwenyewe. Sikumutupa. Nilimulaza kichwa upande wa nyumba."

Alikuwa amepiga magoti bila kujua. Mariette hakumtazama. Alikuwa anatazama udongo, ambao ulikuwa sawasawa, umeota majani kama sehemu nyingine zote, na ambao hakuna mtu angeweza kuujua asipoonyeshwa. Aliweka viatu vyake chini. Akapima kwa hatua, kutoka ukingoni mpaka mahali Ézéchias alipokuwa amepiga magoti, kisha akarudi.

"Mpaka ku kifua," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ni vizuri."

Ndipo Mariette akakaa chini polepole, akalaza kiganja juu ya majani yenye maji. Hulda alitaka kumsogelea, akaogopa, akabaki pale alipo. Ézéchias hakuinuka, na hakuna aliyemwambia ainuke.

"Mama Hulda," Mariette alisema mwishowe, bila kugeuka. "Uniitie batoto yangu. Bavae nguo ya ku kanisa."

Hulda alipanda mteremko mbio, matope mpaka magotini. Watu wa mtaa, waliosikia kwamba Ézéchias ameachiwa, walikuwa wametoka milangoni, wakitabasamu, wakinyoosha mikono. Aliwapita. Katika namba kumi na nne aliwaosha nyuso watoto watatu, akawavika, akahangaika na vifungo vidogo vya yule wa mwisho. Shemasi Kamate alikuwa amesimama mlangoni, kitabu cha nyimbo mkononi.

"Mungu asifiwe!" alisema. "Mais batoto hawa unabapeleka wapi saa hii?"

"Kwa baba yao," Hulda alijibu, akafunga kifungo cha mwisho.